Inveta Kubwa Katika Chombo Kidogo

Mtu atokaye mjini Babati kuelekea ziwani, akiupa kisogo Mlima Kwaraa na kuyaacha nyuma mabasi yaendayo Arusha, Singida na Dodoma, hafiki mbali kabla ya kukutana na maduka ya vifaa vya umeme. Na juu ya meza za maduka hayo, baina ya spika zinazoshindana kwa kelele na taa za sola zilizofungwa kwa nailoni, zimepangwa inveta za kila namna, kila moja imebandikwa tarakimu kubwa kuliko ya jirani yake: 500, 1000, 2000, 3000. Nimezipita meza hizo kwa miaka mingi bila ya kuzitia maanani tarakimu zile, mpaka siku mojawapo ilipoletwa inveta nyumbani kwangu na kijana wa marehemu rafiki yangu, mwenye mashua ya mbao ambayo huwachukua wageni kwenda kuwatazama viboko wa Ziwa Babati.

"Shikamoo, mzee," alisema hata kabla hajaketi. "Nimepata inveta ya elfu tatu."

"Marahaba, mwanangu. Ya kazi gani?"

"Ya friji, mzee. Wageni wapate soda ya baridi katikati ya ziwa."

Nilikipokea chombo kile kwa mikono miwili, kwa taadhima iliyostahili jina lake, nikastaajabu kukiona chepesi kama boflo. Sikusema neno siku ile, na kunyamaza kwangu kunanisuta hata leo, maana gharama zilizofuata zingaliweza kuepukwa kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza akipewa penseli.

Betri ya risasi na tindikali, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na ambayo ndiyo iliyomo katika magari yetu na katika sola nyingi za vijijini, hutoa umeme wa volti 12, umeme mnyoofu usiogeuza mwelekeo. Ilhali friji, televisheni na mashine ya kunyolea zimeundwa kwa umeme wa nyumbani, ambao kwetu Tanzania ni wa volti 230, na ambao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Inveta ni mkalimani baina ya hao wawili, na kama wakalimani wote, hana budi kula ujira wake: katika kila wati 100 zinazoingia, zinazotoka aghalabu ni 85 au 90, na zilizosalia hugeuka joto. Basi anayetaka wati 3000 kutoka betri ya volti 12 anaidai betri ampea 250, na ukiuongeza ujira wa mkalimani, dai hilo hufika karibu ampea 280. Betri ya kijana wangu ilikuwa N70, yaani ya ampea 70 za saa moja kwa hesabu ya kitabuni, zikitolewa polepole, na si ya hivyo hata kidogo zikikamuliwa zote kwa pupa. Hata kama tarakimu ya 3000 ingalikuwa ya kweli, na uzito wa kile chombo ulikwisha kunitia shaka, kuifunga kwenye betri ile ni sawa na kuitia pampu ya zimamoto ndani ya mtungi wa maji ya kunywa.

Friji yenyewe ilikuwa ndogo, ya wati 80, na mtu yeyote angalidhani kwamba aliye na 3000 hawezi kushindwa na 80. Fundi aliyemfungia aliiweka betri tezi, karibu na kiti cha mpiga kasia wa nyuma, inveta na friji akaziweka omo mahali pa kivuli, kisha akaziunganisha kwa waya wa 2.5, kama mafundi wanavyouita, ule upitao ukutani kwenda kwenye soketi za nyumba; mita nne kwenda na mita nne kurudi. Friji ilipotaka kuamka, inveta ilipiga mlio kama kinda lililoanguka kiotani, taa nyekundu ikawaka, na kila kitu kikazima. Fundi akahukumu kwamba betri imekufa. Ikanunuliwa betri mpya. Inveta ikalia vile vile. Fundi akageuza hukumu akasema kwamba inveta ndiyo mbovu. Muuzaji naye akakataa kuibadili, kwa hoja kwamba imekwisha kupanda chomboni na huenda imelowa. Kwa muda wa majuma mawili watu watatu waungwana walitiliana shaka ya uhaini, na mkosaji muda wote huo alikuwa amelala sakafuni mwa mashua, mwembamba, upande mwekundu na upande mweusi, hana habari na ugomvi uliozuka kwa ajili yake.

Friji ya kompresa, wakati wa kuamka, huomba kwa nukta chache umeme mara tano hata mara saba ya ule inaoutumia ikishatulia. Wati 80 huwa 400 au zaidi, na hizo kwa volti 12, pamoja na ujira wa mkalimani, ni karibu ampea 38. Mita nane za waya wa 2.5 zikipitishwa ampea 38 hunyang'anya njiani zaidi ya volti mbili. Betri inatoa 12 na nusu, inveta inapokea 10 na kitu kidogo, nayo imeundwa ili igome ikipewa chini ya 10 na nusu, kusudi isiinyonye betri mpaka ikaiua. Kwa hiyo ile inveta, pamoja na uongo wote uliobandikwa juu yake, katika jambo hili ilikuwa ikisema kweli tupu. Waya wa milimita 16 za mraba ungalipoteza theluthi moja tu ya volti katika safari ile ile. Na kama fundi angaliisogeza inveta mpaka ikawa kando ya betri, umbali wa mkono mmoja, waya wake ule ule mwembamba usingalipoteza zaidi ya nusu volti. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi madukani. Muuzaji atakueleza rangi ya chombo, idadi ya matundu yake, na kwamba kimetoka Dubai. Waya hautaji, na fyuzi haitaji, ilhali waya mnene mfupi na fyuzi iliyofungwa kiasi cha shubiri moja kutoka kichwa cha betri ndivyo vitu viwili ambavyo fedha iliyopotea katika zile sifuri za ziada ingalivinunua na chenji ikabaki.

Sasa nirudi nyuma, kwenye swali ambalo lilipasa kutangulia, nalo ni kama mashua ile ilihitaji inveta. Nimekwisha kulitafakari sana swali hili na rai yangu ni kwamba vyombo vingi vidogo vya maziwa yetu havihitaji. Watazame wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, ambao riziki yao yote imesimama juu ya nuru, kwa kuwa dagaa huifuata taa katika usiku usio na mwezi: kwa miongo mingi walitumia karabai za mafuta ya taa, na katika miaka ya karibuni wengi wao wamehamia taa za LED za betri, tena huko Mbita, upande wa Kenya, kampuni ya Osram ilifungua mwaka 2008 kituo cha kuchaji taa kwa nguvu ya jua na kuwakodisha wavuvi. Taa hizo huunywa umeme wa betri kama ulivyo, pasipo mkalimani wa kulipwa. Simu kadhalika. Chaja ndogo ya gari huuchukua umeme wa volti 12 na kuushusha mpaka 5 inazozitaka simu, hatua moja tu. Lakini mwenye inveta huupandisha kwanza kutoka 12 hadi 230, kisha huchomeka chaja ya ukutani ambayo kazi yake ni kuushusha tena kutoka 230 hadi 5, na katika kila daraja ushuru unatozwa. Ni mtu atokaye Babati kwenda Bonga ya jirani kwa kupitia Arusha.

Ama soda za baridi, jawabu lake lilikuwapo mjini tangu zamani, na wauza barafu hulizungusha juu ya baiskeli kila siku: deli. Deli lililojazwa vipande vya barafu asubuhi hulinda baridi mpaka safari ya jioni, halihitaji waya, halilii, na likianguka majini huelea.

Hata hivyo sitaki kuwa mkaidi wa kuikataa inveta kwa kila hali, maana wapo wageni wanaokuja na kamera ambazo chaja zake hazikubali ila umeme wa nyumbani, na wapo watafiti na wapiga picha wanaokaa ziwani kutwa nzima na kompyuta zao mapajani. Hapo inveta ina haki yake, na kuichagua ni kuhesabu kile kitakachochomekwa kwa wakati mmoja: kompyuta wati 65, chaja ya kamera wati 20, jumla 85. Chombo cha wati 150 za kudumu kinatosha. Cha 300 kina nafasi ya mgeni wa pili. Zaidi ya hapo mashuani ni ria. Nimesema za kudumu, na neno hilo ndilo kiini cha shauri lote, kwa sababu tarakimu kubwa iliyoandikwa juu ya kasha aghalabu ni ya kilele, kipimo ambacho chombo hukivumilia kwa nukta au chini ya nukta, sawa na mchukuzi anayejisifu kwa gunia alilolinyanyua kifuani akalitupa. Kile ambacho chombo kinaweza kukibeba kutwa huwa ni nusu yake, au pungufu, nacho huandikwa kwa herufi za sisimizi kwenye karatasi iliyomo ndani, au hakiandikwi kabisa.

Kisha ihesabiwe betri. N70 ina wati 840 za saa moja. Lakini betri ya risasi inayozoeshwa kuteremshwa chini ya nusu yake haiishi umri wake, kwa hiyo zetu halali ni 420, na mkalimani akiisha kula zimebaki kama 355, ambazo ni saa nne za kompyuta na kamera kwa pamoja. Saa nne zinatosha kwenda kwa viboko na kurudi, na hata kubishana nao njia. Anayeingoja inveta ipige mlio ndipo ajue kwamba betri imepungua amechelewa mno, kwa maana betri iliyotulia bila mzigo huwa imefika nusu inapopimwa volti 12.2, na mlio ule huja muda mrefu baada ya hapo. Kipima volti kidogo cha bei ya soda chache ni mshauri mwaminifu zaidi kuliko kengele ya Mchina yeyote au Mzungu yeyote.

Kuna jambo la tabia ambalo wanunuzi hawaambiwi: inveta hula hata ikiwa haina kazi. Ndogo iliyoachwa imewashwa bila ya kuchomekwa chochote huweza kuchukua nusu ampea, na nusu ampea kwa saa 24 ni ampea 12 za saa moja. Mashua ikikaa siku tatu ufukweni kwa kukosa wageni, na kijana akisahau kuzima, nusu ya N70 imekwenda na hakuna aliyefaidi hata mwanga wa kibiriti. Kubwa hula zaidi. Wapo wanaosema kwamba ni busara kununua kubwa leo kwa ajili ya haja ya kesho, na hoja hiyo ina nguvu nyumbani, mahali ambapo betri huongezwa na paneli zikapandishwa juu ya bati. Lakini mashua ya kasia haina injini ya kuchaji betri, na nafasi yake haikui. Kesho yake itakuwa na ubao ule ule.

Juu ya mawimbi ya umeme nitasema kwa ufupi. Umeme wa TANESCO hupanda na kushuka kwa ulaini, kama ziwa wakati wa jioni tulivu. Inveta za bei rahisi huuiga kwa ngazi, kupanda ghafula, kusimama, kushuka ghafula. Chaja nyingi za kompyuta huivumilia ngazi hiyo. Mota na vitu vyenye koili huunguruma na kupata moto, redio huchafuka sauti, na baadhi ya chaja ndogo za tochi huungua kabisa. Mwenye kamera ya mamilioni hana sababu ya kuitia majaribuni kwa tofauti ya bei ya inveta ya wimbi safi, hasa ikiwa amekubali kununua ya 300 badala ya 3000, kwani tofauti hiyo huwa imekwisha kupatikana.

Linaloniogofya kuliko yote ni maji. Sisi wa bara hatukuzaliwa na misemo ya mabaharia, lakini wa pwani walisema kwamba tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa fundi wa umeme maneno hayo ni ramani: kila tone linaloingia chomboni, kutoka tezi au kutoka omo, huishia mahali pamoja, na mahali hapo isiwekwe inveta, wala betri, wala kiungo cha waya. Volti 12 hazimuui mtu kwa kumgusa, ijapokuwa spana ikiangukia vichwa viwili vya betri huweza kuwa nyekundu kwa moto. Volti 230 ni nyingine kabisa, na katika mashua hukutana na miguu mitupu iliyolowa. Nyumbani tuna waya wa ardhi na swichi inayokata umeme ukivuja, lakini inveta ndogo iliyowekwa juu ya ubao wa mashua haina ardhi ya kuvujia, na swichi ile pengine isikate hata mtu akiwa ameshika. Kwa sababu hii inveta iwekwe juu, ndani ya kasha lenye matundu ya hewa yanayotazama chini, mbali na rasharasha za makasia. Kitu kimoja tu kichomekwe kwa waya mfupi usio na kiungo. Na chenye kuchomekwa kichomekwe kwa mkono mkavu. Penye injini ya petroli pana hadhari ya ziada, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani na kungoja, na inveta ina swichi na feni vinavyoweza kutoa cheche. Ziwa letu ni pole kwa sura, lakini mwaka 1990 lilipanda likaingia mjini, na waliolishuhudia hawahitaji kuelezwa kwamba maji hayaombi ruhusa.

Haya yote mnunuzi angeyajua nusu yake kama kasha lingemwambia ukweli kwa lugha anayoisoma. Ndiyo maana naona kwamba Shirika la Viwango Tanzania lingewatendea wananchi insafu kubwa kama lingelazimisha kila inveta inayouzwa nchini iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zisizo ndogo kuliko zile za sifa, wati zake za kudumu, umeme inaoula ikiwa haina kazi, na unene wa waya inaoutaka kwa kila urefu. Wafanyabiashara watanung'unika kwamba uchapishaji una gharama. Wachapaji wa zile sifuri hawakulalamika.

Kijana wangu alirudi baada ya miezi miwili, safari hii bila ya mashaka usoni. Mashua yake ina inveta ya wati 300 ya wimbi safi, iliyofungwa chini ya ubao wa kukalia, mkono mmoja kutoka betri, na waya wake ni mnene kama kidole. Wageni wenye simu hupewa chaja ya gari, na soda zimo katika deli. Friji iko jikoni kwa mama yake, inatumia umeme wa TANESCO na haijapata kulia.

"Na ile ya elfu tatu?" nilimwuliza.

"Nimemwuzia kinyozi wa karibu na soko, mzee, kwa nusu ya bei. Nilimwambia ukweli wote, akasema yeye anaitaka kwa siku umeme ukikatika tu."

Juma lililopita nilikwenda kunyolewa kwa kinyozi huyo, na kwa bahati umeme ukakatika nikiwa nusu ya kichwa. Akaiwasha. Mashine ikaanza kuunguruma kama nyuki ndani ya kopo, ikapata moto mpaka akawa anaihamisha kutoka mkono hadi mkono, na mzee mwenzangu aliyekuwa akingoja zamu yake aliuliza, kwa adabu kabisa, kama kuna mzinga humo ndani. Kinyozi akageuza kile chombo ili tuione tarakimu yake.

"Hii ni elfu tatu, wazee wangu," alisema.